Mwongozo kamili: soma dola, riba, mfumuko wa bei na deni la serikali kwa pamoja, hatua kwa hatua

Kila mwisho wa mwezi takwimu zikitoka, maswali ni yale yale. Dola imeshuka, mbona sukari haijashuka? CBK (Benki Kuu ya Kenya) wamepandisha riba, mbona shilingi bado inaanguka? Uchumi ati umekua asilimia tano na kitu, mbona biashara imelala?

Na si maswali tu, watu wanapoteza pesa hapa. Namjua mtu alinunua dola kwa 160 mwisho wa Januari 2024 akiamini zitafika 200. Najua chama kilichofunga mkopo wa riba isiyobadilika wakati riba iko juu kabisa, sasa wenzao wanalipa nafuu na wao wamekwama nayo mpaka mkopo uishe. Hawa wote walisoma namba sahihi kabisa, ila kila mmoja alisoma namba moja peke yake akaamua nayo, na hapo ndo watu wengi wanaangukia.

Hapa nakuonyesha jinsi ya kutengeneza karatasi moja yako mwenyewe inayoshika namba zote pamoja, na jinsi ya kuisoma. Nitatumia Kenya ya 2022 hadi 2024 manake hiyo miaka mitatu kila kitu kilisukumana na kila kitu, kuanzia vita vya Ukraine mpaka bei ya petroli Likoni.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari la kawaida au Excel, yoyote ile unayoizoea.
- Mfumuko wa bei (kasi ya bei kupanda kwa mwaka) kutoka KNBS, shirika la takwimu la Kenya. Hutoka siku ya mwisho ya mwezi au karibu na hapo.
- Kutoka CBK: bei ya dola ya kila siku, akiba ya dola ya nchi ya kila wiki, matokeo ya mnada wa dhamana za serikali za siku 91, yaani mikopo mifupi ambayo serikali inakopa ndani (kila wiki), na uamuzi wa riba kila miezi miwili.
- Bei ya mafuta kutoka EPRA, mamlaka inayopanga bei za mafuta Kenya, tarehe 14 ya kila mwezi.
- Ripoti ya uchumi ya mwaka ya KNBS, kwa ajili ya ukuaji.
- Saa mbili mara ya kwanza, halafu nusu saa kila mwezi.

Zote hizi ni bure kwenye tovuti zao. Onyo: usichukue namba kutoka picha za WhatsApp, hata kama aliyekutumia ni mtu wa benki. Nyingi ni za mwezi mwingine au mwaka mwingine, na namba moja mbovu itakuharibia mstari mzima.

## Hatua ya 1: Chora karatasi na uijaze kurudi nyuma

Safu nane: mwezi, mfumuko wa bei, petroli Nairobi, dola, akiba ya dola kwa miezi (yaani akiba inatosha kuagiza bidhaa za nje miezi mingapi), riba ya CBK, riba ya siku 91, na ya mwisho pana kabisa, "kilichotokea".

Jaza angalau miezi 24 ya nyuma. Najua inachosha na wengi wanataka kuanza na mwezi huu tu, lakini bila nyuma huwezi kuona nani alitangulia na nani alifuata, na hiyo ndo kazi yote. Hii hapa mistari mitatu ya kuanzia ili uone ukubwa wa mabadiliko:

- Oktoba 2022: mfumuko asilimia 9.6, dola moja kama shilingi 121, riba ya CBK asilimia 8.25.
- Desemba 2023: mfumuko 6.6, dola karibu 157, riba 12.5.
- Oktoba 2024: mfumuko 2.7, dola 129, riba 12.

Safu ya "kilichotokea" usiiache tupu. Andika mvua, ukame, kodi mpya, bondi, uchaguzi, maandamano. Mara nyingi jibu liko kwenye hiyo safu.

Umefanikiwa ukiona: unaweza kuweka kidole kwenye mwezi wowote ukaeleza kwa sentensi moja nchi ilikuwa wapi.

## Hatua ya 2: Tenganisha kasi na bei yenyewe

Hili ndilo kosa namba moja. Mfumuko ukishuka kutoka 9.6 hadi 2.7 bei hazijashuka. Zinaendelea kupanda, ila polepole.

Fanya hesabu hii kwa mkono wako, usinisome tu. Chukua kapu la vitu lililogharimu shilingi 1,000 Oktoba 2021. Oktoba 2022 mfumuko ulikuwa 9.6, kapu likawa 1,096. Oktoba 2023 ulikuwa 6.9, zidisha, likawa kama 1,172. Oktoba 2024 ulikuwa 2.7, mfumuko mdogo kuliko wote tuliouona tangu 2007, na kapu likawa kama 1,203.

Sasa unaona kwa nini mama sokoni na gavana wa benki kuu wanaweza kuongea siku moja, mmoja anasema mambo yametulia na mwingine anasema maisha ni magumu, na wote wanasema kweli. Gavana anaangalia ile 2.7. Mama anaangalia 1,203, na kama mapato yake bado ni yale ya 2021 basi amepoteza karibu sehemu moja kati ya sita ya nguvu ya pesa yake.

Umefanikiwa ukiona: ukisikia "mfumuko umeshuka" kichwa chako kinauliza kwanza mshahara umepanda kiasi gani tangu lini.

## Hatua ya 3: Tafuta aliyesukuma kwanza

Kabla ya kuuliza namba ipi imebadilika, uliza nani alianza. Kwenye uchumi kama wetu mara nyingi msukumo wa kwanza unatoka nje au unatoka mbinguni, yaani bei za dunia, riba ya Marekani, na mvua.

Mwaka 2022 vilikuja vitatu kwa pamoja. Ukame, misimu ya mvua ikafeli mmoja baada ya mwingine kaskazini na mashariki ya nchi. Vita vya Ukraine, ngano, mbolea na mafuta vikapanda dunia nzima. Na Marekani ikaanza kupandisha riba Machi 2022 kutoka karibu na sifuri mpaka 5.25 hadi 5.5 Julai 2023, kwa hiyo mwenye dola zake akawa hana haja ya kuzileta huku akahangaike.

Kisha uamuzi wa ndani ukaongezea. Septemba 2022 ruzuku ya petroli iliondolewa na bei Nairobi ikaruka usiku mmoja kutoka shilingi 159.12 hadi 179.30 kwa lita. Hapo si dola iliyosukuma, ni sera.

Kwa nini uhangaike kujua nani alianza? Kwa sababu dawa inategemea. Chakula peke yake kinachukua karibu theluthi ya kapu la bidhaa ambalo KNBS hupimia mfumuko. Oktoba 2022 chakula kilikuwa kimepanda zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka, wakati vitu visivyo chakula wala nishati vilikuwa vimepanda kidogo sana. Sasa ukipandisha riba, je mahindi yataota? Nyanya zitashuka? Hapana. Riba inazuia watu kukopa na kununua, haileti mvua. Ndiyo maana kila mwezi KNBS wakitoa ripoti mimi sisomi ile namba kubwa kwanza, nashuka moja kwa moja kwenye chakula na usafiri, naona ni nini hasa kimepanda.

Onyo: wakati mwingine wasukumaji ni wawili na mmoja anamficha mwenzake. Julai 2023 VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta iliongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na dola nayo ilikuwa inapanda, petroli ikafika 217.36 Oktoba. Watu wakalaumu kitu kimoja, kila mmoja na chake. Ukiwa na safu ya "kilichotokea" utaona vyote viwili.

## Hatua ya 4: Fuata dola

Hapa kaa muda mrefu, manake kwa nchi inayoagiza mafuta yote, ngano nyingi na mafuta ya kupikia, dola inagusa kila kitu.

Orodhesha zinazoingia: chai, maua, kahawa, watalii, pesa za ndugu zetu walio nje (karibu dola bilioni 4.2 mwaka 2023, na karibu 4.9 mwaka 2024), na mikopo. Orodhesha zinazotoka: mafuta, ngano, mbolea, mashine, dawa, na malipo ya deni la nje. Bei ya dola ni mvutano wa hizo pande mbili, ukiongeza woga.

Woga ndo watu wanausahau. Serikali ilikuwa na Yurobondi (mkopo wa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje) ya dola bilioni 2, ilikopwa 2014, ya kulipwa yote kwa mara moja Juni 2024. Mwisho wa 2023 akiba ya nchi ilikuwa kama dola bilioni 6.7, yaani lile deni moja tu lilikuwa sawa na karibu theluthi ya akiba yote. Kwa miezi ya kuagiza bidhaa ilikuwa chini ya ile minne ambayo CBK hujaribu kuishikilia. Kila mwenye biashara ya nje alikuwa anapiga hesabu hiyo hiyo. Mwenye dola akaona bora azikalie, mwenye kuhitaji akaona bora anunue za mbele kabla hazijapanda zaidi, na kwa kufanya hivyo wote wawili wakaipandisha. Dola ikatoka 123 mwisho wa 2022 mpaka karibu 157 mwisho wa 2023, ikapita 160 Januari.

Halafu Februari 2024. Serikali ikauza Yurobondi mpya ya dola bilioni 1.5 kwa riba ya 9.75, ikatumia sehemu kubwa kununua ile ya zamani kabla ya siku yake. Mwezi huo huo ikauza bondi (hati ya serikali kukopa kwa miaka) ya miundombinu ya miaka 8 na nusu, riba 18.46 na bila kodi. Walitafuta shilingi bilioni 70, maombi yakaja zaidi ya bilioni 288, wakachukua karibu 241. Kati ya wanunuzi kulikuwa na wageni, na mgeni akitaka bondi ya shilingi lazima kwanza auze dola zake. Woga ukaisha, waliokuwa wamezikalia wakazitoa kwa haraka zisije zikashuka mikononi mwao, na mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 130.

Yule mtu wangu wa 160 alikuwa na dola elfu moja. Alitoa 160,000, akauza kwa 130,000. Mwezi ule ule ambao yeye anasoma bei ya dola tu, taarifa ya deni na ya akiba zilikuwa wazi kwa kila mtu.

Sasa lile swali la mbona bei hazishuki dola ikishuka. Dada mmoja kwenye chama chetu anauza leso Biashara Street hapa Mombasa. Mzigo wake wa Januari 2024 alilipia kwa dola ya 160. Ulipofika, ukatoka bandarini, ukaanza kuuzika, dola ishakuwa 130. Jirani yake aliyeagiza Aprili anaweza kuuza chini na bado apate faida, yeye akishusha anakula mtaji. Kwa hiyo akasubiri mzigo uishe. Zidisha hiyo mara maduka yote ya nchi, ndiyo sababu dola ikipanda bei hupanda wiki hiyo hiyo (muuzaji anaogopa hatamudu mzigo unaofuata) na ikishuka bei huchukua miezi. Mafuta ndiyo hushuka mapema kwa sababu yanapangiwa bei kila mwezi, Oktoba 2024 petroli ilikuwa 180.66 Nairobi, na hapo bei za dunia nazo zilikuwa zimesaidia.

Hesabu ya kujifunzia: tuseme lita inafika bandarini kwa dola 0.80. Dola ikiwa 113 ni shilingi 90.40. Dola ikiwa 157 ni 125.60. Shilingi 35 zimeongezeka kabla hata kodi haijawekwa, na hakuna aliyepandisha mafuta yenyewe.

Alama nyekundu ya kuweka kwenye karatasi: akiba iko chini ya miezi 4 NA kuna deni kubwa la nje linaiva ndani ya mwaka. Moja peke yake si hatari sana, zote mbili pamoja kaa macho.

Umefanikiwa ukiona: ukiulizwa dola itaenda wapi hujibu kwa kuangalia bei ya jana, unajibu kwa kuuliza zipi zinaingia, zipi zinatoka, na nani anaogopa nini.

## Hatua ya 5: Riba, na ile riba ya kweli

Njia ya riba inakwenda hivi: CBK wanapandisha yao, dhamana za serikali zinapanda, benki zinapandisha mikopo, watu wanakopa kidogo, wananunua kidogo, mwishowe bei zinatulia. Ni njia ndefu, ihesabie miezi sita mpaka mwaka na zaidi.

CBK walitoka 7 mwanzoni mwa 2022, wakafika 10.5 Juni 2023, wakaruka hadi 12.5 Desemba 2023, na 13 Februari 2024. Shilingi iliendelea kuanguka muda wote wa 2023. Je riba haifanyi kazi? Inafanya, lakini msukumaji alikuwa woga wa deni la dola, na riba ya shilingi haiwezi kulipa deni la dola. Ilisaidia kuwafanya wageni waitamani shilingi, ila mpaka woga wenyewe uondoke haikutosha.

Sasa fanya kitu ambacho wengi hawakifanyi. Ongeza safu ya tisa: riba ya CBK toa mfumuko. Hiyo ndiyo riba ya kweli.

- Oktoba 2022: 8.25 toa 9.6, ni chini ya sifuri kwa 1.35.
- Februari 2024: 13 toa 6.3, ni 6.7.
- Oktoba 2024: 12 toa 2.7, ni 9.3.

Tazama hiyo ya mwisho vizuri. CBK walianza kupunguza riba Agosti 2024, vichwa vya habari vyote vikasema mikopo sasa ni nafuu, lakini mfumuko ulikuwa umeshuka haraka kuliko riba, kwa hiyo mzigo wa mkopaji ulikuwa umezidi. Bei zake dukani hazipandi tena kumsaidia kulipa, na riba bado iko juu. Mikopo isiyolipika kwenye mabenki ilipita asilimia 16, na mikopo kwa watu binafsi na biashara, ambayo ilikuwa ikikua kwa asilimia kumi na kitu mwisho wa 2023, mwisho wa 2024 ikawa inapungua kabisa. Mimi naamini hiyo safu ya tisa ingewaonya watu wengi mapema.

Kuna jambo jingine pia. Dhamana za siku 91 zilipita asilimia 16 mwanzoni mwa 2024. Wewe kama ni benki, serikali inakupa 16 bila hatari, na kuna kijana anataka mkopo wa kununua mashine ya kufyatua matofali, utampa nani? Serikali ikikopa sana ndani, inamnyang'anya kijana nafasi yake, na hiyo huioni kwenye namba ya riba ya CBK, unaiona kwenye safu ya siku 91. Ndiyo sababu nimekwambia uwe nazo zote mbili.

Onyo kwa vyama: usifunge mkopo wa riba isiyobadilika wakati riba ya kweli iko juu na mfumuko uko chini ya 5. CBK wanalenga mfumuko kati ya 2.5 na 7.5, na ukikaa chini ya katikati ya hapo kwa miezi kadhaa huku dola imetulia, nafasi ya kupunguza riba ni kubwa. Walishusha kutoka 13 hadi 11.25 kufikia Desemba 2024, na 2025 wakaendelea mpaka chini ya 10.

## Hatua ya 6: Weka deni na kodi kwenye mshale

Deni la nje linakua bila kukopa hata senti. Dola bilioni moja kwa 113 ni shilingi bilioni 113. Kwa 157 ni bilioni 157. Bilioni 44 zimeongezeka tu kwa sababu shilingi imelala, na malipo yake yanatoka kwenye kodi za shilingi.

Chora mshale kutoka kila kitu kwenda kile kinachokisukuma, utaona unazunguka: dola inapanda, malipo ya deni yanapanda, serikali inatafuta kodi zaidi au inakopa zaidi ndani, kodi zinapandisha bei au zinakata mshahara, mikopo ya ndani inapandisha riba, biashara zinapungua nguvu, kodi inayokusanywa inakuwa chini ya matarajio, na unarudi pale pale. Mwaka 2023 ilikuwa VAT ya mafuta na makato ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara. Mwaka 2024 ulikuja Mswada wa Fedha uliotaka kukusanya zaidi ya shilingi bilioni 340 nyingine.

Sote tunajua yaliyofuata Juni 2024. Vijana waliingia barabarani, wengine hawakurudi nyumbani, na tarehe 26 Juni Rais akasema hatautia sahihi. Siku chache baadaye, Julai, Moody's, kampuni inayopima uwezo wa nchi kulipa madeni, wakaishusha Kenya daraja, kwa sababu walihesabu kwamba bila zile kodi deni litakuwa gumu zaidi kulipa. Naliandika hili kwenye mwongozo wa namba kwa makusudi. Hakuna safu ya KNBS inayopima watu wamechoka kiasi gani, lakini mwaka ule hiyo ndiyo iliyobadilisha bajeti nzima, na ukitaka kuona inakuja rudi kwenye lile kapu la 1,203 la hatua ya pili.

Onyo: usione shilingi imepata nguvu ukadhani tatizo limeisha. Shilingi ya Machi 2024 iliokolewa kwa mkopo wa 9.75 kwa dola na 18.46 kwa shilingi. Hizo riba zinalipwa mpaka leo.

## Hatua ya 7: Ukuaji usikudanganye

Hapa pafupi. Mwaka 2022 uchumi ulikua asilimia 4.9, 2023 ukakua zaidi ya 5.5, na 2024 ukashuka hadi 4.7. Ukiisoma peke yake unasema kumbe 2023 riba ikipanda uchumi unakua. Hapana, ni mvua ilirudi. Kilimo kilitoka kwenye ukame kikaruka, kikabeba namba yote juu. Athari ya riba ikaonekana 2024, na ujenzi ukarudi nyuma.

Kila ukiona namba ya ukuaji itenganishe: kilimo kimefanya nini, na vilivyobaki vimefanya nini.

## Hatua ya 8: Andika muda wa kuchelewa

Juu ya kila mshale wako andika miezi. Hizi ndizo ninazotumia mimi baada ya kujaza karatasi yangu, zako zikitofautiana kidogo si kosa:

- Dola kwenda petroli: mwezi mmoja hadi miwili.
- Dola kupanda kwenda bei za dukani: wiki kadhaa. Dola kushuka kwenda bei za dukani: miezi mitatu hadi sita, na nyingine hazishuki kabisa.
- Mvua kwenda bei ya mboga: miezi miwili. Kwenda bei ya unga: mpaka mavuno.
- Riba ya CBK kwenda dhamana za siku 91: wiki chache, na mara nyingi dhamana hutangulia.
- Riba ya CBK kwenda mkopo wako: ikipanda benki zina haraka, ikishuka ngoja hata miezi sita.

Ukikosa hii hatua utalaumu kitu cha jana kwa jambo lililoanza mwaka jana.

## Kwa walio Tanzania

Karatasi ni ile ile, badilisha majina tu. NBS (ofisi ya takwimu) kwa mfumuko, BoT (Benki Kuu) kwa riba na dola, EWURA (mamlaka ya bei za mafuta) kwa mafuta, ambao hutangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi. Riba ya BoT kama chombo kikuu cha sera ilianza Januari 2024, ikiwa 5.5, kwa hiyo usitafute safu ndefu ya nyuma. Na ongeza kitu kimoja muhimu sana, msimu. Dola huwa adimu nusu ya kwanza ya mwaka, halafu huja na watalii, korosho na mazao mengine kuelekea mwisho wa mwaka. Mwaka 2024 shilingi ya Tanzania ilifika 2,700 na zaidi, kisha Desemba ikapata nguvu hadi karibu 2,400. Linganisha Desemba na Desemba, usilinganishe Desemba na Mei.

## Hatua ya 9: Andika utabiri na uweke tarehe

Sasa ndo unaitumia. Kila mwisho wa mwezi, ukishajaza mstari, andika sentensi tatu tu: msukumaji wa mwezi huu ni nani, atagusa safu gani, baada ya miezi mingapi. Mfano ambao ungeweza kuandika mwisho wa Machi 2024: "Dola imeshuka kutoka 160 hadi 130 kwa sababu woga wa Yurobondi umeisha na wageni wamenunua bondi. Petroli itashuka ndani ya miezi miwili, bidhaa za nje nusu ya pili ya mwaka. Mfumuko ukienda chini ya 5, CBK wataanza kupunguza riba." Mfumuko ulifika 4.6 Juni, riba ikapunguzwa Agosti. Haikuhitaji siri yoyote, kila namba ilikuwa hadharani.

Usiandike bei kamili ("dola itakuwa 127"). Andika upande na muda. Na usinunue wala kuuza kitu kwa utabiri wako mpaka uwe umeandika walau sita na kuona unakosea wapi.

Rudi baada ya miezi mitatu, kisha sita. Ukiwa umekosea usifute, chukua kalamu ya rangi nyingine uandike pembeni ni mshale upi uliuruka na nini kilikuwa kwenye safu ya "kilichotokea" ambacho hukukipa uzito. Karatasi yangu ya 2023 imejaa wino mwekundu kwenye safu ya akiba ya dola, na tangu hapo hiyo ndiyo ninayoijaza ya kwanza.